Zima taa, subiri, halafu ingia na tochi

Siku mkaguzi wa afya aliponifungia jiko, tulikuwa tumeamkia usafi. Sakafu inateleza kwa kung'aa, meza za chuma unajiona uso, kila mpishi kavaa kofia. Yule mama alipita kote huko bila kuandika neno. Kisha akapiga goti mbele ya friji ya chini ya kaunta, akaufunua mpira wa mlango kwa ukucha na kumulika tochi. Kwenye mkunjo kulikuwa na vidoti vyeusi, ungedhani mtu kamwaga pilipili manga ya kusaga.

"Hii ni nini?" akauliza. Kabla sijajibu, mende mmoja akachomoka na kumpitia kidoleni.

Tulifungiwa siku tatu. Nilimnunia yule mama wiki nzima, lakini kosa lilikuwa langu: nilikuwa nasafisha panapoonekana.

Mende wasumbufu wa jikoni ni wale wadogo wa kahawia, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Hao hawana shida na sakafu yako. Wanataka joto, unyevu na mwanya mwembamba: pembeni mwa mota ya friji, ndani ya mashine ya kahawa, nyuma ya tangazo ulilobandika ukutani (hata lile la "Nawa mikono"). Ukimwona mmoja akikatiza mchana, mara nyingi ni kwamba maficho yameshajaa. Na jike mmoja hutembea na kifuko chenye mayai 30 hadi 40, hakiachi mpaka yakaribie kuanguliwa.

Mimi nilikimbilia dawa ya kupuliza. Kila usiku baada ya kufunga napuliza, asubuhi nafagia mizoga, najiona mshindi. Baada ya wiki mbili wakaonekana stoo, halafu kwenye makabati ya nguo za wafanyakazi, mahali ambapo hawakuwahi kuwepo. Dawa ilikuwa inawatawanya, na mayai ndani ya vile vifuko hayakuguswa. Kilichonisaidia ni chambo cha jeli, vitone vidogo kama punje ya mchele, vikiwekwa jirani na maficho. Mende anakula, anarudi kwao, anafia huko. Wenzake wanakula kinyesi na mzoga wake, nao wanakufa. Ila usipulize dawa juu ya jeli. Wataikwepa, na pesa yako imekwenda. Mtaalamu niliyemwita aliniuliza hilo kabla hata hajafungua mkoba wake.

Swali ambalo nilichelewa kujiuliza ni walikoingilia. Kwangu waliingia kwa maboksi. Yale mawimbi ya ndani ya katoni ni nyumba tosha ya mende, na sisi tulikuwa tunayapanga stoo hadi darini. Sasa boksi halivuki mlango wa nyuma: bidhaa zinahamishiwa kwenye kreti za plastiki hapohapo nje. Waleta mizigo wananung'unika kila siku. Wanung'unike.

Panya ni habari ya matundu. Yule mdogo wa nyumbani anapenya tundu la milimita 6, yaani penseli ikipita, naye anapita. Zunguka mabomba yote yanapoingia ukutani, shindilia zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kisha ziba kwa saruji. Angalia na mwanga chini ya mlango wa nyuma. Rafu za stoo ziinue sentimita 15 kutoka sakafuni, maana usipoweza kupitisha ufagio huwezi kuona kinyesi.

Vile vijinzi vidogo vya kwenye sinki, usihangaike kuvifukuza hewani. Funika tundu la maji machafu usiku kwa glasi ya plastiki angavu. Asubuhi ukivikuta ndani ya glasi, vinazaliana humo, kwenye ute ulioganda bombani. Ute huo unatoka kwa brashi ndefu na mkono wako. Kumwaga dawa tu hakuuondoi.

Kuhusu ukaguzi wenyewe, tembea na mkaguzi, mfungulie kila mlango kabla hajaomba. Sinki la kunawia mikono liwe tupu, lina sabuni. Kwangu liligeuzwa mara mbili kuwa maegesho ya masufuria. Na kumbukumbu zijazwe kweli. Friji inatakiwa iwe nyuzi 5 au chini ya hapo, lakini karatasi inayosema 4, 4, 4 wiki nzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mkaguzi anaijua kwa mbali. Afadhali iandikwe 8 siku ile friji ilipogoma, na pembeni useme ulikifanyia nini chakula.

Zaidi ya yote hayo nina zoea moja. Kila Jumapili tukishafunga, nazima taa zote, nakaa nje saa nzima, narudi na tochi peke yangu. Napiga goti kwenye ileile friji, naufunua mpira, namulika. Wafanyakazi wananicheka.

Yule mama alirudi mwezi uliopita. Akaenda moja kwa moja kwenye friji, akaufunua mpira, akaukagua taratibu, safari hii akaandika. Nikachungulia karatasi yake: "Mpira wa mlango umechanika, ubadilishwe." Ni mimi niliyeuchana, kwa kuuvuta kila Jumapili.