Mwanangu, usiache wanga, panga sahani upya

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, umeniuliza eti uache kabisa wali na mkate ili upungue na huo usingizi wa mchana kazini uishe, maana wenzio ofisini wote wameacha wanga. Mi nasema usiache. Wanga hauna ubaya, shida ni kwamba unajaza sahani nzima wali afu mboga unaweka kijiko kimoja pembeni kama pambo. Geuza hapo. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo maharage au dengu au samaki au yai, robo inayobaki ndo wali wako, na ukipata nafaka isiyokobolewa ni bora zaidi kwa sababu ina nyuzinyuzi, unakaa na shibe muda mrefu na sukari inapanda taratibu kwenye damu, hutahangaika kutafuta biskuti jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi humo, najua ungevihesabu.

Ila kwenye mafuta ndo watu wengi wanapotea bila kujua. Mtu anainamisha chupa juu ya sufuria, mafuta yanaenea chini kote mpaka kitunguu kinaogelea, ukimuuliza kaweka kiasi gani hajui. We mimina kwanza kwenye kijiko cha chakula, ndo upeleke kwenye sufuria. Kijiko kimoja kina kama kalori 120, sasa ukimwaga vijiko vinne ni kama 480, yaani unakaribia mlo mzima na hata hujaweka mboga bado! Hupunguzi utamu, kitunguu kikianza kushika chini ongeza maji kidogo kitalainika vizuri tu.

Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, hicho ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo kuna ile iliyoko tayari kwenye mkate, soseji na vile vidonge vya supu. Kwahiyo kikopo cha chumvi kisikae mezani, weka limao, tangawizi, kitunguu saumu, ulimi utazoea tu, baada ya wiki kadhaa chakula cha zamani utakiona kikali.

Soda nakuomba kabisa upunguze. Kopo moja la mililita 330 mara nyingi lina kama gramu 35 za sukari, hivyo ni zaidi ya vijiko nane vya chai, ambavyo huwezi kuvitia kwenye kikombe chako ukanywa. Na juisi usijifariji nayo hata kama umekamua mwenyewe, ukishachuja nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio, kula chungwa lenyewe ushibe. Ukinunua vya pakiti geuza nyuma usome, viungo kwa kawaida vinaandikwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa, ukiona sukari iko mwanzoni basi irudishe, hata kama mbele wameandika maneno mazuri ya afya.

Chai yako usinywe pamoja na chakula, subiri kama saa moja, inazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga yasiingie vizuri mwilini. Ukikamulia limao kwenye maharage ndo yanaingia zaidi.

Umesema huna muda wa kupika, nakuelewa, kazi zinachosha. Loweka maharage usiku, chemsha mengi kwa mara moja, gawa kwenye vibakuli uweke friza, hapo jioni unabaki na kukatakata mboga tu.

Ila huo usingizi ukiendelea na usiku unalala vizuri, nenda kapime damu na sukari, usikae nao tu mwanangu. Wiki hii anza na mlo wa mchana peke yake, na kesho nitumie picha ya sahani yako niione.

Mama yako