Mtaji wa poka hauishii mezani, unaishia kwenye kodi na michango

Usiku mmoja, saa nane na ushee, nilikuwa kwenye kasino moja hapa Dar nimeshika malkia wawili, wa kopa na wa shupaza. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa spea za magari, mcheshi, anayekunywa tangawizi tupu mpaka alfajiri. Karata tatu za mezani zikafunguliwa: 9, 6 na 2, kila moja na alama yake. Anayeijua Texas Hold'em, poka ambayo kila mtu anashika karata mbili za siri na kuziunganisha na za mezani zilizo za wote, anajua kwamba hapo mwenye malkia wawili ndiye bwana mkubwa karibu kila mara. Mzee akasukuma 90,000.

Nikaziangalia chipu zangu, nisizione. Nilichokiona ni sura ya mama mwenye nyumba wangu wa Sinza, khanga begani, jinsi alivyonijibu asubuhi ile nilipomwamkia. "Marahaba baba. Lakini tarehe moja siyo mbali, eeh?"

Nikatupa malkia wangu. Mzee, kwa ustaarabu wake, akanionyesha alichoshika: A na 9, yaani jozi ya 9 tu, ndogo kuliko malkia wangu. Akacheka, "Kijana, leo umelala?"

Sikuwa nimelala. Wiki ile nilikuwa na mtaji wa milioni 3, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya mji huu. 200,000 mara sita ni 1,200,000. Zilizobaki ni 1,800,000, na pale mezani nakaa na 200,000 kila ninapoanza. Mtaji ulikuwa bado na nafasi tisa tu za kukaa, na kichwa changu tayari kilikuwa kinahesabu nauli ya kurudi kuuza kava za simu Kariakoo. Pesa ya namna hiyo ni pesa ya woga. Mkono ule sikuliwa shilingi nyingi, ila nilimwachia mzee wa watu pesa iliyokuwa yangu, na nikaendelea kuachia wenzake kwa wiki tatu, kidogo kidogo, bila hata kuonja ule mkosi mkubwa ambao wachezaji hupenda kuusimulia.

Nimecheza karata kama kazi kwa miaka minne sasa, mingine kwa raha, mingine kwa mateso. Kijana akinifuata anataka kujua siri za kusoma uso wa mtu, namuuliza kwanza kodi yake inalipwa lini. Mtaji wa poka ni nadra kuuawa na karata. Unauawa na maisha, na maisha ya Dar yana tabia ya kudai kwa mafungu makubwa: kodi ya nusu mwaka, ada mwezi wa kwanza, harusi mwezi wa kumi na mbili, msiba wakati wowote.

Twende kwenye hesabu, maana bila hesabu huu ni mkeka kama mikeka mingine. Chukua meza ya blaindi 1,000 na 2,000, yale madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kabla karata hazijagawiwa. Unakaa na 200,000, yaani blaindi kubwa 100. Tuseme unajua mchezo kweli, na baada ya makato ya nyumba, yaani kasino, unaingiza wastani wa blaindi kubwa tano kwa saa. Hiyo ni 10,000 kwa saa, na ni kazi nzuri, wengi hawafiki hapo. Ukicheza saa nne kwa usiku, siku ishirini kwa mwezi, unapata saa 80, sawa na 800,000.

Sasa mawimbi. Kwa Hold'em isiyo na kikomo cha dau, hizo saa 80 kwa hesabu yangu zinakuyumbisha kama 900,000 juu au chini ya huo wastani, na hapo hujapata mkosi wowote, ni mwendo wa kawaida tu. Maana yake ni kwamba karibu mwezi mmoja katika mitano utafunga na hasara huku ukiwa umecheza vizuri. Rea mbili, zile ambazo vijana wanaziita A, zikikutana na wafalme wawili kabla karata za mezani hazijafunguliwa, zinashinda kama mara 82 katika 100. Watu wanaikumbuka 82. Mwenye kazi hii anatakiwa alale na ile 18.

Na tusisahau kutoka. Saa tisa usiku hakuna daladala. Mimi nalipa kama 10,000 kwa usiku kufika nyumbani, siku ishirini ni 200,000. Zimebaki 600,000. Huo ni mshahara wa karani, tena bila NSSF, bila bima ya afya, bila likizo. Ukizila zote, mtaji haukui hata shilingi. Usipozila, unakula nini? Hapa ndipo nilipobadilisha msimamo wangu: kwenye meza ya ukubwa huo, mtu asiache kazi. Kava za simu niliziacha kwa mbwembwe, nikaagana na watu, nikarudi baada ya miezi saba kimya kimya kama mtu aliyekuwa kijijini kwa mazishi. Sikuziacha tena mpaka mtaji ulipojitegemea.

Kujitegemea ni kiasi gani? Kwa mtu mwenye kipato kingine, nafasi 30 za kukaa zinatosha: kwa meza ile ni milioni 6. Kwa anayetegemea karata peke yake, mimi nataka 40, milioni 8. Hiyo ni pesa ya mezani tu. Pembeni yake kuwe na matumizi ya miezi sita, kodi ikiwemo, ambayo haiguswi na karata hata ukikutana na mlevi tajiri anayetupa chipu kama mahindi ya kuku. Kwangu mimi matumizi hayo yalikuwa 3,600,000. Jumla ni milioni 11 na ushee kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Kwa anayependelea mashindano badala ya meza za kawaida, nafasi 40 ni mzaha. Mashindano yanalipa wachache na kwa nadra, kwa hiyo wazoefu wanataka viingilio 100 na zaidi.

Najua unakodoa macho. Mimi pia nilikodoa.

Kuna Mmarekani mmoja, Chris Ferguson, aliyeanza mwaka 2006 bila hata senti kwenye mtandao, akicheza mashindano ya bure, na mwaka 2007 akafikisha dola 10,000. Sheria yake kubwa ilikuwa kutoweka zaidi ya asilimia 5 ya mtaji kwenye meza moja. Nilipoisoma habari hiyo nikaiandika ukutani. Baadaye nikajifunza nusu ya pili ya hadithi. Kampuni ya poka ya mtandaoni aliyokuwa mmoja wa wakurugenzi wake, Full Tilt Poker, ilibanwa na serikali ya Marekani tarehe 15 Aprili 2011, na ikaja kubainika kwamba pesa za wachezaji hazikuwa zimetengwa na pesa za kuendeshea kampuni. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014. Mtu aliyetufundisha kulinda mtaji, na kampuni yake ilichanganya mifuko! Kwa hiyo ukicheza mtandaoni, acha huko pesa ya wiki moja, nyingine irudi nyumbani.

Kuchanganya mifuko ndiko kulikonipiga mimi pia, kwa hiyo nieleze nilivyoitenganisha. Mtaji uko benki, kwenye akaunti isiyo na kadi wala programu kwenye simu. Nikitaka pesa napanga foleni mchana, na foleni inaleta akili. Pesa ya maisha iko kwenye laini ya simu ambayo haitoki nyumbani. Mke wangu ndiye mwenye namba ya siri, na amekataa kunitajia hata nilipokuwa naumwa. Mezani naenda na noti za kukaa mara mbili, 400,000, basi. Simu ninayotembea nayo ina laini nyingine, yenye vocha na nauli. Sababu ni mawakala. Saa nane usiku, umeliwa mara mbili, damu inachemka, na nje kuna kibanda cha wakala kimewasha taa kama mnara wa bandari. Niliwahi kutoka pale mara tatu kwa usiku mmoja, kila mara nikimwambia yule dada "ya mwisho hii". Mara ya tatu alinipa pesa bila kuniangalia usoni.

Mikopo ya kwenye simu, sijui niseme nini zaidi ya hapana. Na kausha damu ndiyo kabisa. Poka ina mwezi wa hasara mmoja katika mitano, mkopo hauna mwezi wa mapumziko.

Kila tarehe 5 najilipa mshahara kutoka kwenye mtaji. Kiasi ni kilekile, mwezi uwe mtamu au mchungu. Mwezi mtamu ndio mgumu zaidi, kwa sababu unataka kula bata na wenzako Masaki na moyo unakwambia umestahili. Nilipofunga mwezi mmoja na faida ya milioni 2 na nusu, nilijilipa 600,000 ileile, nikanunua kilo mbili za nyama badala ya moja. Miezi miwili iliyofuata ilikuwa hasara tupu, na nyumbani hakuna aliyejua.

Mtaji ukishuka chini ya nafasi 20, vitabu vinasema shuka meza ya chini. Vitabu hivyo viliandikwa kwenye miji yenye meza za kila ukubwa. Hapa kwetu mara nyingi meza ni moja, na chini yake hakuna kitu. Kushuka kwangu mimi ni kukaa nyumbani, kucheza vimeza vya senti mtandaoni, na kufungua duka la kava saa mbili asubuhi. Inauma kwa sababu watu wa mezani wanauliza "mbona huonekani?" Waache waulize.

Pia daftari. Tarehe, saa nilizokaa, nilichoingia nacho, nilichotoka nacho, na neno moja kuhusu hali yangu. Neno "hasira" lilijirudia mara kumi na moja kwenye kurasa nane, na kurasa hizo karibu zote zilikuwa za kuliwa. Saa 100 za kwanza usizisome kama cheti, zinaweza kukudanganya kwa upande wowote. Lakini ukishapita mamia kadhaa na bado unaliwa, elewa tu kwamba hakuna utaratibu wa pesa unaoweza kumlisha mchezaji anayeshindwa. Unamchelewesha tu kufika alikokuwa anaenda. Wachezaji wengi wako upande huo, na nyumba inachukua makato yake kwa wote.

Sasa michango. Hili ndilo eneo ambalo sijaona mtu analiandika. Ukiwa mwalimu, kamati ya harusi inajua kipato chako na inakuletea kadi ya saizi yako. Ukiwa mcheza karata, inajua tu kwamba Jumamosi ulikula. Nilishinda vizuri siku moja nikamsimulia shemeji yangu kwa furaha, nikamtajia na kiasi. Kufikia Jumatano nilikuwa na kadi mbili za harusi, moja ya "double" 150,000, ombi la ada la binamu, na mjomba kutoka Tanga aliyegundua ghafla kwamba paa lake linavuja. Hakuna aliyekosea. Mtu mwenye nacho anatoa, ndivyo tulivyolelewa. Kosa lilikuwa langu la kuwaonyesha mtaji wakadhani ni faida. Fundi seremala hachangishwi randa yake.

Stu Ungar alikuwa bingwa wa dunia wa poka mara tatu, 1980, 1981 na 1997, na ule ubingwa wa mwisho ulikuwa wa dola milioni moja, akagawana nusu na aliyemlipia kiingilio. Mwaka 1998 alikutwa amefariki kwenye moteli Las Vegas, dawa za kulevya na kamari nyingine zikiwa zimeshamaliza kila kitu. Marafiki walichangishana kumzika. Huwa namfikiria kila ninapopokea kadi.

Siku hizi nikiulizwa nimepata ngapi najibu "tunashukuru", jibu ambalo Kariakoo nzima inalielewa. Michango ina fungu lake ndani ya mshahara, 50,000 kwa mwezi. Fungu likiisha, limeisha mpaka tarehe 5 nyingine.

Juzi imekuja kadi ya mtoto wa jirani, harusi ukumbini Mbezi, mnuso wa nguvu. Mwenyekiti wa kamati akanipigia mwenyewe: "Kaka, wewe si wa 50,000 bwana, tunakujua." Nikamwambia ndiyo hiyohiyo, na itatoka tarehe 5, mshahara ukiingia. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayeona anazungushwa: "Mshahara? Kwani umeajiriwa wapi?"