"News" si pande nne za dunia

SWALI: Mwalimu, salaam kutoka Busia. Mimi ni mtangazaji wa redio, na kila Jumatatu nina dakika kumi za kufafanua maneno ya Kiingereza kwa wasikilizaji wa Kiswahili. Wiki iliyopita nilieleza kwamba "news" ni herufi za mwanzo za "north", "east", "west" na "south", kwa sababu habari hutoka kila upande. Mwalimu mmoja mstaafu akapiga simu akasema huo ni uzushi. Msikilizaji mwingine akasema ni kifupi cha "notable events, weather and sports". Nani ana haki? Na mbona Waingereza husema "news is" ilhali neno lina "s" ya wingi?

JIBU: Mwenye haki ni huyo mwalimu mstaafu. Mpigie simu, umwambie hivyo hewani.

Swali hili naletewa karibu kila mwezi, na wanaoniletea si watoto. Ni watangazaji, wafasiri na walimu wa sekondari. Kwa hiyo utaniwia radhi nikisema kwa ukali kidogo.

"News" ni "new", yaani -pya, iliyotiwa "s" ya wingi. Maana yake ni mambo mapya, basi. Neno lilianza kutumika hivyo mwishoni mwa karne ya 14, na Waingereza wa zama zile, ambao hawakuwa na tahajia moja, waliliandika "newes", "newis", "newys". Walikuwa wanafuata Kifaransa, kilichosema "noveles" na leo husema "nouvelles": mambo mapya. Kilatini nacho kilikuwa na "nova", maana ileile.

Itazame vizuri hiyo "newes". Ina herufi tano. Kama kila herufi ni upande wa dunia, "e" ya pili ni upande gani? Swali hilo moja linatosha kuiangusha hadithi nzima, lakini sijakutana na mwezeshaji wa semina hata mmoja aliyewahi kujiuliza.

Majirani wa Waingereza wanatoa ushahidi uleule. Waholanzi huita habari "nieuws", nalo limetokana na neno lao la -pya. Pande zao nne ni "noord", "oost", "west" na "zuid". Ziunganishe uone kama utapata "nieuws". Wafaransa wana "nord", "est", "ouest" na "sud", ambazo hazitakupa "nouvelles" hata ukizipanga usiku kucha. Watu wa Wales husema "newyddion", wingi uliojengwa juu ya "newydd", -pya. Je, mataifa yote hayo yaliita habari "mapya", halafu Waingereza peke yao wakachukua dira?

Hapa kwetu Uganda mfano uko karibu zaidi. Waganda husema "amawulire", kutoka "okuwulira", kusikia: yale yaliyosikika. Nalo ni neno la wingi. Gazeti la wamisionari wa Kianglikana lililoanza mwaka 1907 liliitwa Ebifa mu Buganda, yaani yanayotokea Buganda, wingi tena. Binadamu akitaka jina la habari huchukua kitu cha kawaida kabisa, upya au kusikia au kutokea, akakitia kwenye wingi. Sisi tulichukua "khabar" ya Kiarabu tukaifanya habari, nayo haibadiliki: habari hii, habari hizi.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Zamani "news" ilikuwa wingi kweli. Shakespeare aliandika "these news", na kwingine akaandika "this news". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Mithali 25:25, pale habari njema kutoka nchi ya mbali zinapofananishwa na maji baridi kwa mwenye kiu, inatumia "is". Umoja ulishinda pole pole, na leo "news are" ni kosa. Ila usiseme "a news" kama ninavyosikia kwenye redio nyingi. Habari moja ni "a piece of news", au "a news item".

Sasa hiyo hadithi ya dira ilitoka wapi? Ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1640 kilichapishwa London kitabu cha mashairi ya mizaha, na humo mna beti zinazochezea herufi hizo nne, kwamba habari hutujia kutoka kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Mtunzi alikuwa anachekesha wasomaji wake, na neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika miaka zaidi ya 200. Mzaha umetembea hadi kwetu ukavaa joho la elimu. Kuhusu "notable events, weather and sports", sitapoteza wino: mtu wa karne ya 14 hakuwa na taarifa ya hali ya hewa wala matokeo ya mpira ya kusomewa jioni.

Kosa kubwa zaidi liko chini ya hadithi hizi, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Watu wanaamini maneno ya Kiingereza huzaliwa kwa kuunganisha herufi za mwanzo. Desturi hiyo ni ya karne ya 20, iliyoshamiri kwa vita na majeshi. "Radar" ilitungwa hivyo mwaka 1940. Hata neno "acronym", linalotaja vifupisho vya aina hii, liliingia katika Kiingereza miaka hiyo hiyo ya 1940. Nasi tulifanya vivyo hivyo kwa UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, na tunajua ni kifupisho kwa sababu kilitungwa machoni petu. Mtu akikuambia neno la miaka 600 ni kifupisho, anza kwa kutomwamini.

Nilikaa kwenye semina ya wafasiri, hoteli nzuri, kiingilio si haba. Mwezeshaji alichora msalaba kwenye karatasi kubwa ya ukutani, akaandika N juu, S chini, E kulia na W kushoto, ukumbi ukapiga makofi. Kisha akasema "tip", bakhshishi, ni "to insure promptness". Kisha "history" ni hadithi ya mwanamume, "his story", wakati neno ni la Kigiriki, "historia", uchunguzi, na "his" ya Kiingereza haimo hata chembe. Miezi michache baadaye nikaletewa rasimu ya kijana aliyekuwa ukumbini mle. Kichwa cha taarifa ya kawaida ya shirika, "News", alikiandika "Habari za pande nne". Nilichukua kalamu nikakata maneno matatu, ikabaki Habari. Kijana yule hakuwa mvivu. Alikuwa amelipa pesa yake afundishwe uongo.

Mganga wa maneno hutambulika kwa dalili moja: hadithi yake inapendeza mno na haina tarehe. Hakuonyeshi tahajia ya kale wala hakutajii lugha jirani. Ukimdai ushahidi anasema "ndivyo wasemavyo". Wahubiri, wahamasishaji, walimu wa mchana mmoja, wote nimewasikia wakivunja maneno vipande vipande mbele ya watu wanaoandika daftarini. Kamusi kubwa za Kiingereza huweka asili ya neno ndani ya ingizo lenyewe pamoja na karne lilipoonekana mara ya kwanza. Kuisoma hakuchukui dakika mbili.

Wala sisemi kila hadithi ya mtaani ni uzushi. Busia mnayo ya kweli: boda boda imetokana na "border", mpaka, kwa baiskeli zilizobeba abiria na mizigo kutoka kituo cha Uganda hadi kile cha Kenya tangu miaka ya 1960. Mahali panajulikana, kazi inajulikana, na "border" kuwa boda ndivyo midomo yetu inavyofanya na "r" ya Kiingereza isiyosikika. Jumatatu ijayo, ukishasahihisha lile la "news", mlete studio mzee mmoja aliyeendesha baiskeli hizo, umwulize abiria walimwitaje na yeye aliwaita kwa neno gani.