Kwanza Mtazame Makucha

SWALI: Daktari, shikamoo. Bosco wetu ni nusu German shepherd na mwaka huu ametimiza miaka 11. Tangu mwezi wa 6 miguu ya nyuma inamlegea. Kwenye vigae vya sebuleni anateleza mpaka anakaa kitako, na juzi ngazi mbili tu za kibaraza zilimshinda. Halii hata kidogo. Jirani amenipa vidonge vya ibuprofeni. Mume wangu naye anasema ni uzee, adungwe sindano apumzike. Nifanyeje?
Mama Wawili, Kahawa West

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Vidonge vya jirani mrudishie leo leo, kwa shukrani. Ibuprofeni humpa mbwa vidonda vya tumbo na kumuua figo. Nimewapokea wakitapika damu, mwenye mbwa akiniapia kuwa alimpa kimoja na nusu tu. Diklofenaki ni yale yale. Dawa za maumivu za mbwa zipo, kama kaprofeni na meloksikamu, lakini kipimo apange daktari baada ya kumwona, na zisichanganywe na prednisoloni, ile dawa ya steroidi.

Sasa huo uzee. Mume wako simlaumu, ila uzee gani huo unaozeesha miguu ya nyuma na kuiacha ya mbele?

Kilichonishtua ni kwamba Bosco halii. Mbwa mwenye baridi yabisi ya nyonga huamka amekakamaa, akizunguka uwanjani kidogo anachangamka, na ukimgusa nyonga atakugeukia. Asiyeumwa lakini anayumba, huyo namshuku neva, yaani mishipa ya fahamu. Kwa hiyo jioni hii mlaze ubavu, umtazame makucha ya nyuma. Yale mawili ya katikati yakiwa yamelika upande wa juu, anaburuta. Kisha msimamishe, mshike tumbo asianguke, ukunje unyayo mmoja wa nyuma ili upande wake wa juu ulale sakafuni. Mwenye neva nzima huugeuza papo hapo, hata mkono hujautoa. Akiuacha ulivyo, kama kiatu cha mtu mwingine, basi habari za mguu hazifiki kichwani.

Haya nilijifunza kwa aibu. Mbwa wangu mwenyewe, Chui, nilimtibu nyonga miezi 3. Askari wa getini ndiye aliyeniambia, “Daktari, huyu akipita usiku namsikia kwaru-kwaru kwenye saruji.” Nikaenda na tochi. Ukucha mmoja ulikuwa umelika mpaka kwenye damu. Daktari mzima!

German shepherd na machotara wao, wakishapita miaka 8, hupatwa na ugonjwa ambao neva za ndani ya uti wa mgongo hufa polepole, bila maumivu. Dawa ya kuuponya hakuna, na wengi hushindwa kusimama baada ya miezi 6 hadi 12. Lakini usiukubali kabla mengine hayajaondolewa. Diski ya kati ya pingili za mgongo iliyobana neva karibu na mkia huuma ukiibonyeza, na hiyo inatibika. Magonjwa ya kupe nayo hulegeza mbwa, na kipimo cha damu si cha kukimbia. Eksirei itaonyesha mifupa, neva haizionyeshi. Usishangae ukiambiwa picha ni safi na mbwa bado anayumba. Kama hapo karibu hamna daktari wa mbwa, ipo kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete.

Nyumbani, anza na vigae. Tandika mazulia makuukuu kutoka anapolala hadi mlangoni na kwenye bakuli lake, bila kuacha pengo. Punguza nywele za katikati ya vidole, ndizo zinazomtelezesha. Baridi hii ya Julai, asilale sakafuni. Kwenye ngazi, pitisha leso chini ya tumbo, mbele kidogo ya mapaja, ushike ncha mbili juu na kumsaidia uzito. Yeye atembee, wewe usimbebe. Matembezi ya dakika 10 mara tatu ni bora kuliko nusu saa moja. Na ugali upunguze! Ukimpapasa mbavu usizihisi, anabeba gunia juu ya miguu mibovu.

Lakini siku atakayoamka hawezi kusimama kabisa, au mkojo unamchuruzika bila yeye kujua, usingoje kesho. Hapo ni saa, si siku.

Sindano mimi siipingi. Chui nilimdunga mwenyewe, siku aliposhindwa kugeuka kitandani na kuanza kukataa nyama. Bosco wako bado anajaribu ngazi. Niandikie ulichokiona kwenye makucha.