Binti yangu kapewa "asilimia 40": je, tuuze shamba?

SWALI: Habari za kazi, afisa. Binti yangu amechaguliwa chuo kikuu, kozi ya ualimu ya miaka mitatu. Ada ni 1,300,000 kwa mwaka. Majina ya mkopo yalipotoka akaniambia kapata asilimia 40 tu. Mtoto wa jirani analipiwa kila kitu, na baba yake ana duka. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akapata kiharusi mwaka juzi, hafanyi kazi tena. Mimi nauza mboga sokoni. Fomu alijaziwa na kijana wa steshenari. Sekondari alisoma shule ya binafsi, ada ikilipwa na kaka yangu. Nimeangalia akaunti ya benki ya binti, hakuna hata shilingi. Watu wanasema tukate rufaa, wengine wanasema tutapoteza hata hicho kidogo. Tuna nusu eka tu, tunafikiria kuiuza. Na hilo deni, atalilipa mpaka lini? — Mzazi, Morogoro.

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Nimekaa dawati la mikopo la chuo miaka kadhaa sasa, na barua kama yako huwa naipokea kila Oktoba, tofauti yake huwa ni majina tu. Kabla ya rufaa na kabla ya shamba, naomba binti afungue akaunti yake ya SIPA kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, akusomee mstari kwa mstari. Hiyo asilimia 40 ni ya nini?

Nina hakika ni ya ada. Wanafunzi wenyewe ndivyo wanavyoongea: "nimepata mia," "nimepata arobaini," na wote wanamaanisha ada. Lakini mkopo wa Bodi una vifungu kadhaa, kila kimoja kina kiwango chake na njia yake ya kulipwa. Kuna chakula na malazi, kuna vitabu na viandikwa, kuna ada ya mafunzo, kuna mafunzo kwa vitendo, na kwa baadhi ya kozi kuna mahitaji maalumu ya kitivo na utafiti. Mtu anaweza kupata ada sehemu tu na chakula chote.

Tupige hesabu ya binti yako kwa viwango ninavyovijua. Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, zamani ilikuwa 8,500. Kwa siku 240 za masomo hiyo ni 2,400,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Asilimia 40 ya ada yenu ni 520,000. Jumla 3,120,000. Angepewa vifungu hivyo vyote kwa ukamilifu ingekuwa 3,900,000. Kwa hiyo kama SIPA inaonyesha chakula na vitabu vimekaa kamili, binti hakupata arobaini, kapata themanini, na pengo lenu ni 780,000 kwa mwaka mzima. Najua 780,000 si hela ndogo kwa meza ya mboga. Lakini ni tofauti sana na picha iliyokufanya ufikirie kuuza ardhi.

Sasa, kwa nini akaunti ya benki ni tupu? Fedha ya ada haipiti mikononi mwa mwanafunzi. Bodi inailipa chuo moja kwa moja, nanyi mtaiona kama punguzo kwenye deni lake la ada chuoni. Kinachomfikia yeye ni hela ya kujikimu, yaani ya chakula na malazi, ile wanayoiita bumu, pamoja na ya vitabu, na wakati wa mafunzo kwa vitendo hupata ya huko pia. Bumu haliji lote kwa mkupuo, huja kwa awamu ndani ya mwaka. Kwa siku 60 ni 600,000. Tena haliji kabla hajafika chuo: lazima kwanza asajiliwe, akaunti ya benki iwe kwa majina yake yale yale, na ajiandikishe kwa alama za vidole kwenye mfumo wa malipo wa DiDiS. Mwaka wa kwanza mambo haya huchelewa, kila mwaka. Hivyo mama, hata kama kapata kila kifungu, binti asiondoke nyumbani bila nauli na hela ya kula wiki tatu za mwanzo. Nimeshawaona watoto waliokuja na elfu ishirini mfukoni wakiamini bumu linawasubiri getini.

Tuje kwenye rufaa, maana hapa ndipo penye kazi.

Bodi haijawahi kufika kwenu. Haijui kwamba mzee amelala, wala haijui meza yako ya mboga. Inachojua ni kile fomu ilichosema na karatasi zilizoambatishwa. Na fomu yenu, kwa jinsi ulivyonieleza, naweza kuisoma hata bila kuiona: baba, dereva; mtoto, shule ya binafsi. Basi. Mashine inayopima uhitaji ikikutana na maneno hayo inahesabu familia yenye kipato cha mshahara, iliyoweza kulipia sekondari ya kulipia kwa miaka kadhaa. Kwa mantiki hiyo, arobaini mlitendewa haki kabisa! Kosa liko kwenye maelezo.

Sitaki kumlaumu sana kijana wa steshenari. Siku za mwisho za maombi ana foleni ya watu hamsini, intaneti inakatika, na yeye analipwa kwa fomu. Anauliza "baba anafanya kazi gani?", binti anajibu "dereva", anabonyeza, anaenda mbele. Hakuna aliyeuliza kama bado anaendesha.

Basi rufaa yenu ijibu mambo mawili hayo, na iyajibu kwa karatasi. La kwanza ni afya ya mzee. Barua ya kusikitisha pekee haitoshi. Nenda na kadi zake za hospitali, upate uthibitisho wa hali yake kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kwa mzazi mwenye ulemavu, huyo ndiye anayetambuliwa kuthibitisha. Kiharusi kilichomwachia mtu upande mmoja haufanyi kazi ni ulemavu, msione haya kulitumia neno hilo. La pili ni ada ya sekondari. Kaka yako aandike barua ya kukiri kwamba ndiye aliyemlipia binti, kwa miaka ipi, na aambatishe risiti au hati za benki kama zipo, na shule ithibitishe ikiwezekana. Barua ya mfadhili ni kitu wanachokijua Bodi, wala hamtakuwa wa kwanza kuipeleka. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iwekwe pia. Kisha mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri panapohitajika.

Angalieni na hili: cheti cha kuzaliwa cha binti kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Waliozaliwa Zanzibar huhakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Na namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyoombea mkopo iwe ndiyo aliyoombea chuo. Hili linawaangusha hasa waliorudia mtihani, ambao wana namba ya shule inayoanza na S na nyingine ya mtahiniwa wa kujitegemea inayoanza na P. Anaomba mkopo kwa moja, chuo kwa nyingine, mfumo unawaona watu wawili. Kwenu sidhani kama lipo, lakini kuangalia hakuna gharama.

Rufaa hufanywa mtandaoni, kwenye akaunti yake mwenyewe, dirisha likifunguliwa baada ya awamu za majina kutangazwa. Hukaa wazi kwa siku chache, kwa hiyo karatasi zianze kutafutwa leo. Wala asimpe mtu nywila yake. Aje kwenye dawati la mikopo la chuo chake, hiyo ni kazi yetu na hatutozi.

Kuhusu hofu ya kupoteza hata hicho kidogo: mimi katika dawati langu sijawahi kumwona mwanafunzi aliyepunguziwa kwa sababu ameleta vielelezo vya kweli. Niliowaona wakiumia ni walioleta vya kughushi. Kuna mmoja aliyemwandikia baba yake cheti cha kifo, kisha baba huyo huyo akamsindikiza siku ya usajili.

Na huyo mtoto wa jirani? Usimwonee wivu kabla hujajua anasoma nini. Kozi zimepangwa kwa vipaumbele, kwa hiyo mwenye udaktari na mwenye sanaa hawapimwi kwa rula moja. Tena inawezekana kabisa hana mkopo hata kidogo: kuna ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/23 kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Huo haurudishwi, na hautazami kama baba ana duka. Ukiwa na mdogo wake binti anayesoma sayansi, mwambie.

Umeuliza deni litaisha lini. Mkopo wa Bodi ni deni la binti mwenyewe. Tuseme hakuna kitakachobadilika, akachukua 3,120,000 kwa miaka mitatu. Anatoka na deni la 9,360,000. Akiajiriwa, mwajiri anamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kupeleka Bodi. Mshahara wa msingi ukiwa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi, na kwa deni hilo itamchukua miezi 78, yaani miaka sita na nusu. Mshahara ukipanda, makato yanapanda na deni linaisha mapema. Asipopata ajira rasmi ana miezi 24 ya kujipanga tangu amalize chuo, na akijiajiri analipa asilimia 10 ya kipato chake au isiyopungua 100,000 kwa mwezi. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, iliyofanya deni livimbe wakati wewe unalipa. Iliondolewa mwaka 2021. Mimi nilisoma kwa mkopo huu huu. Makato yalikuwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa 2016 yakawa 15, na ile hati ya mshahara ya kwanza baada ya hapo niliisoma mara tatu nikidhani mhasibu kakosea.

Hata akiacha chuo au akidisko, yaani akiondolewa kwa kufeli, alichokwishachukua anadaiwa. Na malipo ya mwaka wa pili yanategemea matokeo ya mwaka wa kwanza kufika Bodi kutoka chuoni, kwa hiyo mkopo nao una mtihani wake.

Sasa shamba. Vyuo vingi hukubali ada ilipwe kwa mihula. Pengo la 780,000 likigawanywa ni 390,000 kwa muhula. Binti akifika, kabla ya wiki ya pili kwisha, aende ofisi ya uhasibu na karatasi ya mkopo mkononi, aandike barua ya kuomba kulipa kwa awamu. Akikaa kimya mpaka wiki ya mitihani, atazuiwa mlangoni, na hapo hata mimi sitaweza kumsaidia. Kuna michango midogo ambayo mkopo hauigusi, kama kitambulisho, serikali ya wanafunzi na bima ya afya. Iulizeni mapema ili isiwe ya ghafla. Kaka yako aliyelipa sekondari, mwombeni huo muhula wa kwanza tu, mwonyesheni na hesabu hii. Nusu eka isiguswe mpaka rufaa ijibiwe.