Kipande cha juu ya televisheni hakisomi mwendo

Je, kile kipande chembamba cha Wii, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, kinachowekwa juu ya televisheni ndicho kinachosoma mwendo wa mchezaji? Hapana, hakiusomi. Kinatoa tu mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kamera inayouona imo kwenye ncha ya rimoti yenyewe anayoshika mchezaji. Ninatengeneza vifaa vya michezo hapa Kirumba, Mwanza, na jaribio lake ni jepesi: ukiondoa kipande hicho na kuwasha mishumaa miwili mahali pake, mshale kwenye skrini huendelea kufuata mkono. Ndiyo maana katika mabanda ya michezo hii yanayotazama ziwa mshale huanza kurukaruka alasiri, jua linapoingia mlangoni na kumulika kioo cha televisheni, na dawa yake ni pazia zito, si rimoti mpya.

Mtikisiko wa mkono husomwa na kipima mchapuko, yaani chombo kinachopima mabadiliko ya kasi, kilichomo ndani ya rimoti, lakini chombo hicho peke yake hakitambui vizuri mzunguko wa kifundo cha mkono, na kwa sababu hiyo Nintendo iliongeza jairoskopu, chombo kinachopima mzunguko, mwaka 2009 kupitia kiambatisho cha MotionPlus. Wanaolalamika kwamba Wii ya 2006 haikuwa sahihi wana hoja ya kweli, ingawa mimi bado naithamini sana, kwa kuwa mtu asiyewahi kushika vitufe huweza kucheza tenisi mara tu anapopewa rimoti. Tahadhari moja: funga kamba ya rimoti kwenye kifundo cha mkono, hasa bandani ambako watu wamesimama karibu karibu.