Ukiambiwa "zima antivirasi kwanza", subiri kidogo

Katika maelekezo yote yanayokuja na printa, skana au kifaa kingine cha kompyuta, lipo moja ambalo mimi silifuati: "Zima antivirasi kabla ya kuinstoli." Kazi yangu ni kuwafungia wenye steshenari mashine zao, na maneno hayo nimeyasikia kwa wauzaji, kwa mafundi, hata kwa watu ninaowaheshimu kikazi.

Sababu yao, kwamba antivirasi hupiga kelele bure, ina ukweli. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, huingia ndani kabisa ya mfumo, kwa hiyo antivirasi huikodolea macho kuliko programu ya kawaida, na mara nyingine hukamata isiyo na hatia. Lakini kuna habari iliyotoka Mei 2025. Cameron Coward, Mmarekani mwenye chaneli ya YouTube, alipewa printa ya UV (wino wake hukaushwa kwa mwanga) ya kampuni ya Procolored, yenye thamani ya dola 6,000 hivi, aifanyie tathmini. Alipochomeka flashi iliyokuja nayo, antivirasi ikapiga kelele. Kampuni ikamjibu kwamba ni kengele ya bure tu. Hakuridhika. Karsten Hahn wa G Data, kampuni ya usalama ya Ujerumani, akapekua programu ambazo wateja walikuwa wakizipakua: mafaili 39 yalikuwa na virusi. Kimojawapo, SnipVex, hubadilisha anwani ya Bitcoin uliyoikopi, ukibandika unamtumia mwizi. Mwenye printa aliyezima antivirasi kwa utiifu angejuaje?

Kwa hiyo soma onyo lenyewe, maana maonyo hayafanani. Dirisha la buluu la SmartScreen, mlinzi aliyemo ndani ya Windows, mara nyingi linasema tu kwamba Windows haiifahamu programu hiyo. Hapo kagua faili: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, fungua Properties, tafuta Digital Signatures, uone kama mtengenezaji ameweka sahihi yake. Printa ya kampuni kubwa isiyo na sahihi hapo? Acha.

Antivirasi ikitaja jina, jina hilo lina maana. Likianza na Trojan, Worm au Backdoor, ambazo ni aina za programu hasidi, mimi huchomoa flashi, mazungumzo yameisha. HackTool, yaani zana ambayo wadukuzi wanaweza kuitumia, ni kesi nyingine. Machi 2025 Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, ilianza kuikamata WinRing0, draiva iliyomo katika programu nyingi za kupima joto na kuongoza feni. Watengenezaji wake hawakuwa wezi, ila draiva ilikuwa na tundu lililojulikana tangu 2020, ambalo programu mbaya ingeweza kulipitia na kuitawala kompyuta. Onyo lilikuwa la haki kabisa. Dawa ni kutafuta toleo lisilotumia draiva hiyo.

Flashi na CD za kwenye boksi siku hizi naziacha humo humo. Nachomeka kifaa, naunganisha intaneti, naiachia Windows Update itafute draiva. Kwa printa za kawaida huwa inatosha. Ikishindwa, naandika mwenyewe anwani ya tovuti ya mtengenezaji, kwa sababu ukitafuta tu "draiva ya printa" unaweza kuangukia tangazo la tovuti ya watu baki. Nikibaki na shaka, faili la draiva nalipeleka kwenye tovuti ya VirusTotal, likaguliwe na antivirasi nyingi kwa mpigo. Nyaraka za wateja usizipandishe huko.

Na kama ni lazima uruhusu kitu, ruhusu faili hilo moja. Nimewahi kukuta kompyuta ya dukani ambayo diski C nzima imewekwa kwenye orodha ya visivyokaguliwa, ili printa moja ya risiti ifanye kazi! Antivirasi ilikuwa inawaka kijani kama kawaida.

Muuzaji akisisitiza ni kengele ya bure, mwombe draiva yenye sahihi ya mtengenezaji. Akikosa, rudisha kifaa kabla siku za kurudisha hazijaisha.